Mke Mwenzangu wa Chuma

Nianze na wivu, maana nikianza na mengine nitaonekana mtu mwema. Niliionea wivu mashine. Ilikuwa na kichwa, mikono miwili na vidole vitano kila mkono, na ililetwa kwenye kiwanda chetu cha chai nje kidogo ya mji wa Njombe ili izihudumie mashine nyingine. Niliionea wivu miezi saba mfululizo, nikaamka nao na kulala nao, na wivu huo ukamtoa kazini mtu aliyenifundisha kazi.

Mimi ni fundi mitambo. Nilizaliwa Ipelele, kule Makete, na wenzangu kiwandani hawakuchoka kunitania kwamba mimi ndiye Mkinga pekee nchini asiye na duka. Nilifika Njombe na cheti cha ufundi na koti moja la mtumba, nikakabidhiwa kwa fundi mkuu, mzee wa Kibena mwenye nyumba yake Makambako. Nilimwita baba, naye aliniita mwanangu. Alikuwa mfupi, mkali, na hakuvua kofia yake ya sufu hata Desemba. Mwaka mzima wa kwanza hakuniruhusu kushika spana. Nilishika kopo la grisi na kumfuata.

Kila asubuhi, kabla majani hayajaingia, tuliziwasha mashine zikazunguka tupu, na yeye alipita kuziamkia. Si maneno yangu, yeye ndiye aliyeita hivyo. Alikuwa na kijiti cha urefu wa mkono, alichokichonga kutoka kwenye mchi wa mama yake uliovunjika. Ncha moja aliigusisha kwenye beringi, nyingine aliiweka sikioni, akasema taratibu, "Kamwene," kama anayemsalimia jirani, kisha akanyamaza kusubiri kuitikiwa. Akimaliza alinipa kijiti mimi. "Unasikia nini?" Nikisema nasikia kelele, alininyang'anya. Nikisema nasikia kama mtu anayesaga ulezi kwa mbali, aliguna, na kwake kuguna kulikuwa sifa kubwa.

Mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Fundi mkuu akistaafu, siku ya mwisho anasimama mbele ya wafanyakazi wote na kumkabidhi anayemfuata kifaa kimoja alichokuwa akikitumia. Kwa hicho watu wanajua fundi mkuu mpya ni nani, hata kabla ofisi haijaandika barua. Wote walijua kijiti kile kitakuwa changu. Mimi nilijua kuliko wote. Nilikingoja miaka kumi na moja, na sioni aibu kusema kwamba niliwahi kukishika peke yangu, mzee akiwa msalani, nikajiangalia kwenye kioo cha dirisha.

Halafu mzee akaanza kubadilika. Aliacha kunipa kijiti. Aliacha kuniuliza nasikia nini. Nilimsalimia kwa nyuma, "Shikamoo baba," akaendelea kufunga nati zake kana kwamba amepita mbwa. Nikizungumza naye alinikazia macho usoni mpaka najisikia nimekosea kitu, na mara nyingine aligeuka na kwenda zake kabla sijamaliza sentensi. Hata kwaya ya kigango chao, aliyoiongoza tangu ujana wake, aliiacha. Alisema vijana wa siku hizi wanaimba haraka mno. Nilijiuliza nimemfanyia nini, sikupata jibu, nikaanza kununa.

Katika hali hiyo ndipo lile dude likaja.

Wengine walilisema kama mtu: yeye kaja, yeye kaenda. Mimi nililiita dude mwanzo mpaka mwisho. Lilikuwa na kimo cha mwanafunzi wa kidato cha pili, mwili wa kijivu, uso usio na mdomo, sauti ikitokea shingoni. Kifuani lilikuwa na kioo kama cha simu, cha kuonyeshea maandishi. Waliolileta walitueleza kwamba halikutengenezwa kumhudumia binadamu. Kazi yake ni kuwa mwenzao mashine: kuzisikiliza, kuzipaka grisi, kuzipunguzia mzigo zinapochoka. Kinamama wa chumba cha kuchambua chai walicheka sana. Wakalifumia kofia ya sufu, kwa sababu Njombe mwezi wa sita hata chuma kinaonewa huruma.

Nami wakanitafutia utani wangu. "Mke mwenzio kaamka?" waliniuliza kila asubuhi. Nilipojibu kwa ukali ndipo walipofurahi zaidi. Mzee hakuwa chochote kwangu zaidi ya mwalimu, nao walijua, lakini walikuwa wameona kitu ambacho mimi nilidhani nimekificha.

Lile dude lilikuwa hodari, na hilo ndilo lililoniuma. Lilitandaza kiganja juu ya mota, likakaa kimya kidogo, kisha likaipunguzia mwendo mikanda inayoleta majani ili ile mota ipumue. Kikaushio kilipoanza kutetemeka mwezi wa tatu, lilisimama nacho siku nzima, likirekebisha hiki na kile, mpaka kikatulia. Mimi mwezi huohuo niliugua mafua yaliyonilaza siku nne, na hakuna aliyekuja kunisimamia. Najua ni upuuzi kulinganisha. Nililinganisha hivyohivyo.

Lakini kilichoniunguza si kazi yake. Ni mzee. Alilizungusha kiwanda kizima kama baba anayemwonyesha mwanawe mipaka ya shamba. Alilieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia: kwamba feni ya mwisho kwenye vitanda vya kunyaushia majani hulalamika siku mbili kabla ya mvua, kwamba rola ya tatu ilifungwa upya miaka mingi nyuma na ekseli yake imepinda unywele mmoja. Rola ni mashine zetu za kusokota majani, na ya tatu nilikuwa nimeihudumia miaka kumi na moja bila kuambiwa hilo. Kisha siku moja nikamwona anatoa kijiti kwenye mfuko wa koti na kulipa lile dude. Lenyewe likakigusisha kwenye beringi, ncha nyingine likaiweka kichwani pake. Kifuani pakatokea maneno. Mzee akasimama mbele yake akiyasoma kwa makini, kama mtu aliyepokea barua kutoka kwa mchumba, akatikisa kichwa na kutabasamu.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Nalisema bila kulipamba. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, nililia kwa ajili ya kipande cha mchi.

Tangu siku hiyo nilifika kazini mapema kuliko kawaida ili nizipake mashine grisi kabla lenyewe halijaanza. Lilipofika lilizigusa, likaniambia kwa adabu, "Zimeshahudumiwa. Asante," na kwenda kufuta vumbi. Halikuwa na kiburi hata kidogo. Laiti lingekuwa nacho, ningepumua.

Ikaja Jumatano moja ya mwezi wa saba, ukungu umekaa mpaka saa nne, umande umeganda kwenye majani ya chai. Mzee alikuja alfajiri, akaondoka mapema. Alikuwa ameomba ruhusa kwenda hospitali, akasema ni presha. Nilikuwa nakaza mkanda lile dude lilipokuja na kusimama pembeni yangu.

"Rola ya tatu ina sauti mpya," likasema. "Mzee hayupo. Naomba kuuliza, ni sauti yake ya kawaida?"

Nikaenda. Kijiti sina, nikatumia bisibisi: ncha kwenye chuma, mpini sikioni. Nilisikia mara moja. Ilikuwa kama maharage makavu yanayotikiswa ndani ya kopo. Beringi ilikuwa imeanza kufa. Mtu aliyefundishwa na mzee yule asingekosea sauti ile hata akiwa usingizini.

"Ni ya kawaida," nikasema. "Baridi ikizidi grisi inaganda, basi inasema hivyo. Usiihangaikie."

Lingeweza kutokuniamini. Lakini lilikuwa limefundishwa na watu wa nyanda za juu kwamba baridi ya Julai hufanya vituko, na jibu langu lilifanana na mengine yote. "Asante," likasema. Kifuani pakatokea neno moja: salama.

Mpango wangu ulikuwa huu. Jumamosi meneja hufanya ukaguzi, na mzee hutembea naye. Ningesimama pale mbele yao, ningeweka bisibisi sikioni, ningesema beringi hii inakufa. Lile dude lingeonekana kiziwi. Mzee angenitazama kama zamani, angeguna. Siku tatu tu. Nilipiga hesabu kwamba beringi ile ingevumilia wiki nzima.

Alhamisi mzee alirudi. Saa saba alikaa kwenye kiti chake pembeni ya rola ileile, akamenya viazi vyake vya kuchemsha, akala taratibu. Maharage yanatikisika kwenye kopo hatua mbili kutoka sikioni pake. Nilimtazama nikingoja ainue kichwa. Hakuinua. Alitupa macho kwenye kifua cha lile dude, akasoma "salama", akaendelea na chumvi yake. Nikasema moyoni: tazama, sasa analiamini hilo kuliko masikio yake mwenyewe. Nilikuwa nimeanza kujuta, nimekusudia kumwambia mchana ule. Hasira ikanifunga mdomo.

Ijumaa saa nne asubuhi rola ya tatu ilipiga mlio mmoja mzito, ikakwama. Ekseli ikakatika. Mkanda ukaungua, moshi ukajaa, watu wakakimbilia nje. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili. Lakini majani yaliyokwisha kunyauka yakaanza kuwa mekundu vitandani, na wakulima waliokuwa wamepanga foleni getini na mazao yao ya asubuhi wakaambiwa warudi nayo nyumbani. Lile dude ndilo peke yake lililokimbilia ndani. Lilizima umeme, likaweka viganja vyake viwili juu ya ile rola iliyovunjika, na halikuondoka mpaka chuma kilipopoa. Hata pale, moshi machoni na hatia kooni, nilisikia wivu. Mimi nilikuwa nimekimbilia nje.

Meneja alituita sote ndani, mbele ya rola. Alianza na lile dude.

"Hukusikia chochote?"

"Nilisikia. Jumatano."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niliuliza. Nilijibiwa kwamba ni sauti ya kawaida."

"Ulijibiwa na nani?"

Kifua cha lile dude kilianza kuwaka, maana lilikuwa na kawaida ya kuandika kila lisemalo. Kabla halijatoa sauti, mzee akatoka kwenye mstari, akaenda kusimama mbele yake, mgongo wake umeziba kile kioo chote.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyeliambia."

Na nisingekuwa mkweli nikisema nilishukuru. Nilichowaza kwanza ni hiki: analipenda mpaka analikingia kifua. Kwangu hakuwahi kufanya hivyo.

Meneja alimtazama bila kuamini. "Mzee, hata kama ulisema hivyo. Umekaa pembeni ya mashine hii jana kutwa. Hukuisikia?"

Mzee alimkazia macho mdomoni. Nilikuwa nimeyaona macho yale maelfu ya mara, nikayaita dharau.

"Sikuisikia, bosi," akasema. "Masikio yangu yamekufa. Mwaka wa tatu huu."

Kwa mara moja mambo yote yakanirudia: shikamoo zisizoitikiwa, kwaya, kijiti alichoacha kunipa kwa sababu hakujua tena kama jibu langu ni sahihi. Kile kioo kifuani ndicho kilikuwa masikio yake. Lile dude lilisikiliza, likaandika, naye akasoma, na wawili hao wakafanya kazi ya fundi mmoja bila sisi kujua. Mimi nilikuwa nimeyatia uongo masikio ya kiziwi. Hakuna aliyeliuliza lile dude tena. Swali lilikuwa limesahaulika, wote walikuwa wanamtazama mzee.

Alirudishwa nyumbani wiki ileile, miezi miwili kabla ya wakati wake. Hakukuwa na kukusanyika, hakukuwa na kukabidhiana. Alitoka getini na mfuko wake wa rambo na koti lake, kijiti kikiwa mfukoni. Lile dude lilimsindikiza mpaka getini, kwa kuwa halikuambiwa lisifanye hivyo. Mimi nilijificha stoo nikihesabu misumari.

Ofisi ilinipa nafasi ya fundi mkuu kwa barua. Kinamama wa kuchambua waliacha utani wao, na niliukosa. Siku rola ilipofungwa ekseli mpya, lile dude lilinijia. "Ile sauti ya Jumatano," likasema, "ni ya kawaida?"

"Si ya kawaida," nikajibu.

"Jibu limebadilika. Niandike sababu gani?"

"Andika fundi alikosea."

Likaandika. Nilisimama nikiyatazama maneno yale kifuani pake. Alikosea. Nilikuwa nimelidanganya tena.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, baada ya misa, nilipanda gari kwenda Makambako. Mji ule una upepo wake, unakupokea kwa vumbi kabla hujashuka vizuri. Nyumba ya mzee iko upande wa relini. Nilimkuta uani ameketi kwenye kigoda, amenipa mgongo, anapukuchua mahindi kwa mikono. Sikubisha hodi. Nilisimama hatua tatu nyuma yake, nikasema yote. Sauti, bisibisi, maharage kwenye kopo, uongo wa baridi, mpango wa Jumamosi. Nilimwambia kwamba nililia nyuma ya stoo kwa ajili ya mchi wa mama yake. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, naye akaendelea kupukuchua, punje zikidondoka kwenye ungo. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, na wakati huohuo nilijua nimefanya jambo la mtu mwoga.

Kuku akapita pembeni yake, mzee akageuka kumfukuza, akaniona.

"Kamwene, mwanangu," akasema, uso umefunguka. "Umefika sasa hivi?"

"Kamwene, baba. Ndio, sasa hivi."

Mkewe akaleta chai, chai yetu wenyewe ya Njombe, na viazi. Mzee aliniuliza habari za mashine moja baada ya nyingine, kama anavyouliza mtu habari za wajukuu. Akauliza pia habari za lile dude. "Linakusaidia?" Nikasema linanisaidia. Kisha akaingia ndani, akatoka na kijiti, akakiweka mapajani pangu. Hakukuwa na watu wa kushuhudia isipokuwa mkewe na yule kuku.

"Hiki chako. Kilikuwa chako siku zote," akasema. "Niliacha kukupa kwa sababu ungejua. Ungeanza kunipigia kelele sikioni, ungenihurumia mbele za watu. Yule wa chuma hakuwa na huruma ya namna hiyo. Aliandika tu."

Nilikishika. Ncha ya sikioni ilikuwa imelainika kama kokoto ya mtoni. Nikamwambia, nikihakikisha anaiona midomo yangu, kwamba sistahili, kwamba yeye alilikingia lile dude kifua akapoteza kazi, na mimi nimekaa kwenye kiti chake.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Mwanangu, mimi nilisimama mbele ya kioo. Nilikuwa nimeshakisoma. Jina lako lilikuwa pale, na maneno yako yote, mpaka la grisi kuganda." Akachukua gunzi, akaligeuzageuza mkononi. "Wewe ulidhani namficha nani?"

Upepo ulikuwa unapeperusha makapi ya mahindi uani. Mkewe alichukua birika akaingia nalo ndani bila kuambiwa. Mzee akasogeza kigoda chake mpaka magoti yetu yakakaribiana, akavua kofia yake ya sufu, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na kunikazia macho mdomoni.

"Najua ulichosema," akasema. "Sijui ni kwa nini. Niambie, ila polepole, nisome."

Basi nikaanza upya, uso kwa uso, neno moja moja, na neno la kwanza lilikuwa wivu.